Nikitia sahihi karatasi ya "stewardship", msitu unakuwa wangu au deni linakuwa langu?

Swali: Assalamu alaikum. Naishi Matondoni, Lamu. Kikundi chetu cha kina mama na vijana kimekuwa kikipanda na kutunza mikoko kwa miaka kadhaa sasa. Mwezi uliopita mfadhili alituletea karatasi za Kiingereza, juu zimeandikwa "Stewardship Agreement", na wenzangu wamenipendekeza mimi niwe "steward" wa sehemu moja ya msitu. Mwezeshaji alilifasiri neno hilo kuwa uwakili. Mume wangu akasema wakili ni wa kortini, na mimi sikusomea sheria. Katibu wetu anasema ni umiliki, yaani tunapewa msitu. Ustadhi mmoja akasema ni amana, na amana ikipotea mtu haulizwi. Tena kijana mmoja msomi ametuambia kwamba asili ya neno lenyewe ni mchunga nguruwe, kwa hivyo halitufai. Naomba kuelezwa maana yake hasa ni nini, limetoka wapi, na je, miti ikikatwa nitalipishwa mimi? Nitie sahihi au nisitie?

Jibu: Waalaikumu salaam, dada yangu. Kinachokusumbua naona si neno peke yake, maana kwa neno peke yake ungefungua kamusi ukamaliza. Unataka kujua umebebeshwa mzigo gani chini ya neno hilo, na una haki. Watu wanne wamekueleza mambo manne: wakili wa mume wako anahitaji shahada, mmiliki wa katibu anaweza kuuza, mwenye amana wa ustadhi haulizwi, na mchunga nguruwe wa yule kijana hakaribishwi barazani. Wawili kati yao, pamoja na mwezeshaji, wamekaribia, lakini hakuna aliyepatia barabara. Nianze na nguruwe, ndiye mwepesi kumwondoa.

Steward ni neno la Kiingereza cha kale, lililokuwako kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Liliandikwa stigweard au stiweard, na lina vipande viwili. Cha pili, weard, ni mlinzi au mwangalizi. Kipande hichohicho kimejificha ndani ya lord, yaani bwana, ambalo zamani lilikuwa hlafweard, mlinzi wa mkate. Cha kwanza, stig, ni ukumbi au nyumba, au sehemu fulani ya nyumba. Basi stigweard ni mwangalizi wa nyumba. Nguruwe wameingia kwa sababu Kiingereza cha leo kina neno sty, zizi la nguruwe, lenye sauti ya karibu na huenda lenye undugu wa mbali na stig. Mtu akaunganisha, hadithi ikachekesha, ikaenea. Lakini hakuna ushahidi kwamba steward aliwahi kuwa mchungaji wa nguruwe. Maandishi ya zamani yanamwonyesha ukumbini, akiangalia meza ya bwana wake na watumishi. Mwambieni kijana wenu alale salama.

Kazi hiyo ilikua kadiri nyumba za mabwana zilivyokua. Mwanzo ilikuwa chakula, vinywaji na watumishi. Baadaye mabwana wakawa na mashamba huku na huko, na wao wenyewe wako vitani au kwa mfalme. Steward ndiye aliyezunguka mashamba hayo, akaketi kusikiliza mashauri ya wapangaji na kuhakikisha kodi zimekusanywa. Kwa kawaida mwaka wa hesabu ulifungwa sikukuu ya Mikaeli, tarehe 29 Septemba, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, na waliokabidhiwa mali wakasimama kueleza nini kimeingia na nini kimetoka. Hesabu zilisomwa kwa sauti. Ndiyo maana mkaguzi wa hesabu kwa Kiingereza ni auditor, msikilizaji. Naomba ushike hapa, kwa sababu kule kusimama na kueleza ndiko uti wa mgongo wa neno lote, na ndiko kunakosahaulika zaidi neno hili likiletwa kwenye semina.

Kwa katibu wenu nina kisa cha Uskoti. Karne ya 12 mfalme David wa Kwanza alikuwa na steward aitwaye Walter fitz Alan. Cheo kikawa cha kurithiwa, mpaka kikageuka jina la ukoo: Stewart. Mwaka 1371 mmoja wao akawa mfalme, Robert wa Pili, na ukoo huo ukatawala Uskoti, kisha na Uingereza, hadi 1714. Katibu akisikia hivyo atasema, si mnaona, msimamizi akikaa sana mali inakuwa yake! Sivyo. Robert alikipata kiti kwa upande wa mama yake, Marjorie, binti wa mfalme Robert Bruce. Miaka zaidi ya mia mbili ya kuisimamia nyumba ya mfalme haikuwapa haki ya kiti. Ndoa moja ndiyo iliyowapa. Usimamizi haugeuki umiliki kwa kukaa muda mrefu.

Mwezeshaji naye hakubuni. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, kuna tajiri anayemwita mtu aliyemkabidhi mali zake atoe hesabu. Kigiriki kinamwita oikonomos, mwendesha nyumba. William Tyndale alipoifasiri habari hiyo kwa Kiingereza miaka ya 1520 akaandika steward, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ikaandika wakili, na kazi yake ikaitwa uwakili. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na kwao wakil ni mtu aliyepewa jambo la mwenziwe alitende badala yake. Hata sisi bado tunalijua kwenye nikaha, pale walii anapomfanya mtu mwingine kuwa wakili wake amwozeshee binti. Kwa hivyo kanisani na katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, uwakili ni tafsiri nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba Kenya ya leo wakili amevaa joho jeusi na yuko mahakamani, na karatasi itakayosomwa mbele ya chifu au hakimu haifai kuwa na neno ambalo mtu wa kwanza kulisikia atalielewa vingine. Mume wako hakukosea kushtuka.

Kutoka kanisani, ambako walilitumia sana kufundishia sadaka, neno likaenda kwa wahifadhi wa mazingira katika karne ya 20. Pengine umeiona ile alama ndogo ya mti kwenye pakiti za maziwa au za karatasi: ni ya Forest Stewardship Council, baraza lililoanzishwa mwaka 1993 kuthibitisha mbao na karatasi zilizotoka katika misitu inayotunzwa vizuri. Hospitalini nako utalisikia, kwa maana ya kuzitumia antibayotiki kwa uangalifu ili zisipoteze nguvu. Na ndani ya meli na ndege stewardi bado anahudumia chakula kama babu zake wa ukumbini.

Ukikusanya matumizi yote hayo unabaki na mambo matatu: mali ya mwingine, mamlaka ya kuiamulia, na hesabu ya kutoa. Ondoa la kwanza, umepata mmiliki. Ondoa la pili, umepata askari wa getini, anayelinda lakini hawezi kuamua hata mti upi upogolewe. Ondoa la tatu, umepata mtu anayejifanyia atakavyo kwa mali ya watu, na hao pwani yetu haijawahi kuwakosa. Karatasi yoyote utakayoletewa ipime kwa matatu hayo. Ikikosa moja, hata ikiandikwa stewardship kwa wino wa dhahabu, ni kitu kingine.

Kwa Kiswahili mimi ningeliandika "usimamizi wa amana". Usimamizi peke yake hautoshi. Katika mashamba makubwa ya pwani karne ya 19, msimamizi alikuwa yule anayewasimamia wafanya kazi, wengi wao watumwa, na chini yake wasaidizi wake, nokoa, kisha kadamu. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watu. Ukiongeza amana, macho yanageuka yanatazama haki ya mwenye mali, na hapo umeufikia moyo wa jambo.

Sasa ustadhi. Amepatia neno, lakini amelifupisha mno. Katika fikihi mtu aliyeshika mali ya mwenziwe mkono wake ni wa mojawapo ya namna mbili: mkono wa amana au mkono wa dhamana. Mwenye mkono wa amana, mali ikiharibika bila kosa lake, halipi. Mwenye mkono wa dhamana analipa, awe na kosa asiwe nalo, kwa sababu ameuchukua mzigo wa hasara tangu mwanzo. Jirani akikuachia mkufu wa dhahabu anaposafiri kwenda Mombasa, ukaufungia sandukuni pamoja na wako, na wezi wakavunja wakabeba vyote, hudaiwi. Lakini ukiuvaa arusini bila ruhusa ukakatika, au ukauacha dirishani, au mwenyewe amerudi anautaka nawe unamwambia kesho, kesho, mpaka ukaibiwa, umeshatoka kwenye amana umeingia kwenye dhamana kwa miguu yako mwenyewe. Wanazuoni huyaita makosa hayo kupita mipaka na kuzembea. Na kuna la pesa, ambalo huwanasa waweka hazina wengi: ukizichanganya za amana na zako hata hazijulikani zipi ni zipi, nako ni kupita mipaka, hata kama hukukusudia kula hata shilingi.

Kwa hivyo kutolipa si kutoulizwa. Mwenye amana huulizwa kila siku. Anachosamehewa ni kulipa, baada ya kueleza kilichotokea, na ikibidi baada ya kuapa.

Lakini msitu ule na karatasi ile haviko chini ya kitabu cha fikihi. Viko chini ya sheria za Kenya na chini ya maneno utakayoyatilia sahihi, na mahakama itasoma kilichoandikwa. Ustadhi anaweza kukwambia kwa dhati kabisa kwamba ni amana, na ukurasa wa sita ukawa umeandika dhamana. Kwa hivyo mtafutie anayejua Kiingereza vizuri azifuatilie sentensi zenye maneno "indemnify", "guarantee" na "liable". La kwanza maana yake utamfidia mwenzako hasara yake. La pili ni kwamba umemhakikishia matokeo. La tatu ni kwamba wewe ndiye utakayedaiwa. Si maovu yenyewe, lakini kila moja lina bei, na lazima ujue ni nani anayelipa: wewe, kikundi, au mfadhili.

Dhamana hujificha zaidi kwenye asilimia. Karatasi nyingi za upandaji huandika kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia fulani ya miche iwe hai. Tuseme ni 80. Mkipanda kwa nafasi ya mita moja kwa moja, hekta moja inachukua miche 10,000, na hapo mmeruhusiwa kupoteza 2,000 tu. Nani aliyewahi kuipa bahari idadi? Kaa hula mbegu kabla hazijashika mizizi, mchanga hufukia, magamba ya bahari huganda kwenye vishina vichanga mpaka vikalala, na mkandaa ukipandwa mbele kabisa, mahali pa aina nyingine ya mikoko iitwayo mlilana, unakufa kwa wingi wa maji hata ukiuombea dua. Ahadi ya mtu mwenye amana ni ya vitendo: tutapanda aina inayofaa mahali panapofaa, tutahesabu kila baada ya miezi mitatu, tutajazia iliyokufa mradi miche ipo na gharama imelipwa. Ombeni sentensi ya asilimia iandikwe upya hivyo. Mfadhili anayeijua mikoko hatakataa, na anayekataa amewaonyesha mapema ni mtu wa namna gani.

Halafu kuna swali ambalo nyote mmeliruka: mali hii ni ya nani? Mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inaitia katika ardhi ya umma misitu ya serikali na ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, na inasema kwamba serikali ya kitaifa inaishika kwa ajili ya wananchi. Yaani serikali nayo imeshika amana; wenye mali ni watu wa Kenya, wewe ukiwamo. Basi hakuna mfadhili awezaye kuwamilikisha msitu huo, kwa sababu asiye na kitu hakitoi. Hata usimamizi hawezi kuwapa peke yake. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imeweka mlango wake: jumuiya ya misitu iliyosajiliwa inaomba kushiriki, na inawekeana makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ulizeni mfadhili amesimama upande gani wa mlango huo. Ikiwa makubaliano ya KFS yapo na ya mfadhili ni ya kuleta pesa na mafunzo tu, sawa. Ikiwa karatasi ya mfadhili ndiyo pekee iliyopo, mtakuwa mnasimamia kitu ambacho mwenyewe hajawakabidhi, na siku ya ugomvi hamtakuwa na pa kusimama.

Na ikiwa ndani kuna neno kaboni, yaani biashara ya kuuza hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti, msiendelee kabla ya kupata ushauri. Tangu 2023 sheria ya mabadiliko ya tabianchi inataka miradi ya kaboni kwenye ardhi ya umma na ya jamii iwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii yanayoeleza mgao wa mapato. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, umekuwa ukiuza kaboni na pesa zake zimeingia kwenye maji na shule, kwa hivyo jambo lenyewe linawezekana. Ila usimamizi wa miti na uuzaji wa kaboni ni mapatano mawili, na yasipitishwe kwa sahihi moja.

Sasa sahihi yako. Angalia jina lililochapishwa juu ya mstari. Likiwa lako peke yako na nambari ya kitambulisho, umejifunga wewe, na baada yako mali yako. Linalotakiwa ni jina la kikundi na nambari yake ya usajili, chini yake jina lako na cheo, na maneno "kwa niaba ya". Muda uandikwe: ni miaka mingapi, na mtu anatokaje kabla ya muda. Mimi ningeomba taarifa ya siku 30 kwa maandishi, pande zote mbili. Mipaka ya eneo iandikwe kwa vipimo vya GPS na majina ya mikondo tunayoyatumia wenyewe, maana ramani za ofisini huita mkono wa bahari jina ambalo hakuna mvuvi aliyewahi kulisikia. Mamlaka yako nayo yaandikwe. Unaweza kukagua, kuandika, kuita mkutano na kupiga ripoti. Kukamata mtu na kumnyang'anya boriti ni kazi ya askari wa misitu, na leseni ya kukata hutolewa na KFS, si wewe. Steward aliyejipa kazi ya kukamata huishia ama kupigwa ama kushtakiwa, na vyote viwili havimrudishii mkoko uliokwisha kukatwa.

Makabidhiano ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Usipokee msitu kwa maneno. Subiri siku za bamvu, maji yanapotoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mwingie pamoja: wewe, mwanakikundi mmoja, mtu wa mfadhili na afisa wa misitu. Pelekeni kopo la rangi ya mafuta, brashi, utepe wa kupimia na daftari. Gaweni eneo vipande, kisha hesabuni visiki. Kila kisiki kipigwe rangi na nambari, kipimwe upana wake juu ya mizizi kwa sentimita, kiandikwe ni cha aina gani: mkoko wenyewe, mchu, muia au mkandaa. Kisiki kipya cha mkoko utakijua kwa gome lenye wekundu na unyevu; cha zamani kimeshakuwa cheusi, pengine na chaza wameshaganda. Kazi hii inachosha na tope linafika magotini, na watu hupenda kuiruka. Wakiiruka, baada ya mwaka akija mkaguzi akakuta visiki 300, hakuna wa kusema 260 vilikuwapo kabla yako. Vyote ni vyako.

Aina ya mti ina maana pia. Mchu ukikatwa mara nyingi huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Mkoko mkubwa ukikatwa, haurudi. Kwa hivyo visiki kumi vya mkoko ni hasara kubwa kuliko kumi vya mchu, na ripoti isiyotaja aina inaficha jambo hilo.

Baada ya hapo kazi ni daftari. Lisiwe la kurasa za kuchomoka. Nunueni lenye jalada gumu na kurasa zilizoshonwa, mzitie nambari wenyewe. Andika siku ileile, kwa kalamu ya wino, na ukikosea kata kwa mstari mmoja na utie sahihi pembeni, usifute. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: "Kipande cha 3. Visiki vipya 4 vya mkoko, sm 5, 6, 6 na 7, ukubwa wa pau. Alama ya mtumbwi upande wa kusini. Picha 6 zimepigwa. Afisa wa misitu amepigiwa simu saa 5:20 asubuhi. Tulikuwa wawili." Kisha tarehe na sahihi mbili. Ukiwa na kurasa za namna hiyo, hakuna atakayesema umezembea. Umeona, umeandika, umeripoti, na mwenye mamlaka ya kukamata ameitwa. Mtu mwenye mkono wa amana hujikinga kwa daftari lake.

Pesa za mradi zisipite kwenye simu yako hata siku moja, hata kwa nusu saa, hata mfadhili akikubembeleza kwamba benki imefungwa. Ziwe kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi angalau wawili wasio wa nyumba moja. Kila robo mwaka zisomwe mkutanoni kwa sauti, kilichoingia, kilichotoka na salio. Wapo wasiosoma Kiingereza na wapo wasiosoma kabisa, nao ni wenye haki pia.

Hukuuliza kuhusu posho, pengine kwa haya, lakini nitajibu. Kulipwa hakuvunji amana. Kurani, Sura ya nne, aya ya 6, inapozungumzia msimamizi wa mali ya yatima inasema aliye na uwezo ajizuie, na mhitaji ale kwa kadiri inayokubalika. Kwa kazi ya kuingia topeni mara nne kwa mwezi, kuacha mkeka wako haujasukwa na kununua vocha za simu kwa pesa zako, bila malipo yoyote, mwisho wake ni kuacha kazi au kuanza kujilipa kimyakimya. Bora kiwango kiandikwe mapema, kijulikane na kila mwanakikundi, na kilipwe kwa hati.

Nani wa kwenda kumwona? Kwa mpaka wa msitu na kujua kama makubaliano ya jumuiya yapo, nenda ofisi ya KFS Lamu, na uombe kuonyeshwa karatasi yenyewe, usitosheke na "ndiyo, ipo". Kwa vipengele vya fidia na udhamini, mwone wakili, huyu wa kortini mumeo aliyemtaja, kabla ya kutia sahihi. Malipo ya kusomewa karatasi kumi ni kidogo kuliko ya kutetewa kesi. Wengine watakwambia uende kwa Kadhi. Mheshimiwa Kadhi mpelekee mirathi, ndoa na talaka, kwani Katiba imempa mipaka hiyo katika Ibara ya 170. Mkataba na mfadhili hauko kwake. Na ukiona dalili hizi, usingoje ushauri wangu wala wa mtu mwingine: unaharakishwa utie sahihi leo leo, unakatazwa kuchukua nakala nyumbani, au kurasa za viambatisho hazipo.

Kwa hivyo leo usitie. Waambie wenzako unakubali kazi, na kwamba unataka tafsiri ya Kiswahili iliyotiwa sahihi na pande zote pamoja na ile ya Kiingereza, ikiwa na kipengele kinachosema ipi itafuatwa zikitofautiana. Penye neno stewardship waandike "usimamizi wa amana". Penye kuvunjika au kupotea waandike kwamba kikundi kitawajibika kwa uzembe au kwa kupita mipaka tu. Na tarehe ya kuanza wajibu wako iwe siku ya kuhesabu visiki, isiwe siku ya kutia sahihi.